Asilimia 100 Sawa na Asiye na Jina

Jibu lilirudi jioni, watu wa maabara wakiwa wamekwisha funga madirisha na mashine ya PCR, ile ya kukuza DNA, ikinguruma peke yake kwenye kona. Nilibandika mfuatano wa DNA wa tunutu wangu, mtoto wa mdudu niliyemwokota mtoni, kwenye kisanduku cha kutafutia cha BOLD, kanzidata ya misimbopau ya DNA, nikabonyeza, nikangoja. Herufi 658, hakuna hata moja yenye shaka. Orodha ikafunguka na mstari wa kwanza ukasema: ulinganifu asilimia 100.

Nikafurahi kidogo tu.

Safu ya familia iliandikwa Baetidae, familia ya wadudu wa oda ya Ephemeroptera, ambao watoto wao hukaa majini. Safu ya jenasi ilikuwa tupu. Safu ya spishi, tupu vilevile. Kumbe kuna mtu mwingine, kwenye mto mwingine kabisa, aliyewahi kugeuza jiwe, akaokota tunutu kama wangu, akamng'oa mguu, akausoma, akafika pale pale nilipofika mimi na akakwama. Akaweka mfuatano wake kwenye kanzidata na kwenda zake.

Wasiojulikana wawili wametambuana, na sisi tuliowaokota hatujui lolote.

Wiki kadhaa zimepita na jambo hili halijanitoka. Kila nikikaa kuandika ripoti linarudi. Nimejua kitu au sijajua? Nikiambiwa huyu ni sawa na yule, na yule hajulikani, nimesogea hatua gani?

Mguu mmoja

Wanaosoma hapa wanajua utaratibu wa msimbopau wa DNA, yaani kumtambua mnyama kwa kusoma kipande kifupi cha DNA yake, sitaurudia wote. Ila mguu nataka niuseme, kwa sababu wengi huuruka.

Tunutu wa Baetidae aliyekomaa ana urefu wa milimita chache. Ukimweka kwenye kisahani chenye ethanoli chini ya hadubini, unaona vipande bapa vya matamvua vimejipanga kandokando ya tumbo, kucha moja kwenye ncha ya kila mguu, na mikia ambayo mara nyingi imekwisha kukatika wakati wa kumsuuza mchanga. Mguu unautoa kwa kibano chenye ncha kali, karibu na mwili, kwa kuvuta taratibu. Kuutoa si kazi. Kazi ni kuuachia. Ethanoli inakauka haraka, mguu unang'ang'ania ncha ya kibano, unautumbukiza kwenye kishimo cha sahani, unatoa kibano, na mguu umerudi nacho. Unarudia. Ukifanikiwa huna hakika, maana kishimo kina kimiminika na mguu hauonekani tena kwa macho. Unaandika namba, unasogea kishimo cha pili.

Sahani ina vishimo 96. Miguu inajaza 95, kimoja kinaachwa bila kitu. Hicho kisicho na kitu ndicho ninachokiangalia kwanza matokeo yakija, kwa sababu kikionyesha DNA ujue kuna uchafuzi, na sahani nzima haiaminiki.

Ninachokipenda kwenye njia hii ya mguu ni kwamba mnyama anabaki. Ana miguu mitano, ana midomo yake, ana matamvua, yumo kwenye chupa yake na karatasi iliyoandikwa kwa penseli ndani ya ethanoli ya asilimia 95. Penseli, si kalamu, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka humo na baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe. Siku yoyote mtu akitilia shaka herufi zangu, anaweza kumtazama mwenye herufi hizo.

Hili lishike, nitalirudia kwenye suala la kusaga wanyama.

Namba badala ya jina

Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipotoa hoja yao mwaka 2003, walisema kipande kimoja cha jeni ya mitokondria iitwayo COI kinaweza kutumika kutambua sehemu kubwa ya wanyama. Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia, za kukikuza kipande hicho zilikuwapo tayari, za Folmer na wenzake za mwaka 1994. Hoja ilisimama juu ya pengo. Wanyama wa spishi moja hutofautiana kidogo sana kwenye kipande hicho, mara nyingi chini ya asilimia 2, na wa spishi tofauti hutofautiana zaidi ya hapo. Penye pengo pana, kazi ni rahisi. Pasipo na pengo, ndipo maneno yanapoanza.

Kisha mwaka 2013 ukaja mfumo wa BIN. Unakusanya mifuatano inayokaribiana kwenye fungu moja na kulipa fungu hilo namba, bila kungoja mtaalamu wa uainishaji aamke. Tunutu wangu ana namba. Mwenzake wa ule mto mwingine ana namba hiyo hiyo.

Kijana tunayefanya naye kazi aliniuliza bila kuzunguka, "Dada, si ana namba? Jina la nini tena?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu la haraka. Kwa sababu ukiwa na namba unaweza kulinganisha juu ya mto na chini yake. Unaweza kuona nani ametoweka baada ya bomba la majitaka na nani amejaa. Unaweza kujua kama vijito viwili vinavyokutana vina wakazi walewale. Kilatini hakihitajiki hata chembe.

Na kwa baadhi ya makundi, namba inatuokoa kweli. Chukua visubi wasiouma wa familia ya Chironomidae. Mabuu wao ndio wanaojaza trei, hasa matope yakiwa mengi. Kumtambua buu mmoja kwa njia ya zamani unamkata kichwa, unakisafisha kwa hidroksidi ya potasiamu, unakilaza kifudifudi au chali kwenye kioo kama mwongozo unavyotaka, kisha unahesabu meno ya kidevu. Meno yenyewe yamesagika kwa mchanga aliokuwa anakwangua. Ukimaliza mmoja, wamebaki mia kadhaa. Nani mwenye muda huo? Kwa hiyo kwenye ripoti nyingi familia nzima, yenye maelfu ya spishi, inaandikwa kwa neno moja na safari inaendelea. Kwa hawa, mwenye kudharau namba hajawahi kukaa na trei yao.

Lakini ukiandika jina la spishi inayofahamika kwenye kisanduku cha kutafutia, unapata miongo ya kazi za watu: anakula nini, anataga wapi, maji yakipungua oksijeni anakufa lini. Ukiandika namba ya tunutu wangu unapata chupa mbili, yangu na ya yule mwingine.

Kwa siku kadhaa nilitulia upande huo. Jina kwanza, nikasema.

Jina lililoficha umati

Kilichonitoa huko ni Hyalella azteca.

Huyu ni mnyama mdogo wa jamii ya krasteshia, anaishi kwenye maji baridi ya Amerika Kaskazini, na ni mtumishi mkongwe wa maabara. Ukitaka kujua kama tope la mto lina sumu, unamweka juu yake na kuhesabu wangapi wamebaki hai. Huko Marekani yumo kwenye taratibu rasmi za kupima sumu iliyo kwenye tope. Jina analo, zamani sana. Maandishi juu yake ni mengi mno.

Watu walipoanza kusoma COI yake, jina likapasuka. Jonathan Witt na wenzake walichunguza chemchemi za jangwa la Great Basin na mwaka 2006 wakachapisha matokeo: ndani ya kile kilichokuwa kinaitwa kwa jina moja au mawili kulikuwa na koo zaidi ya 30 zilizoachana kiasi cha kuhesabiwa kuwa spishi za muda. Kwa macho wanafanana. Chemchemi moja na ya jirani yake zinaweza kuwa na ndugu walioachana zamani kuliko unavyodhani.

Fikiria maana yake kwa zile kazi zote za nyuma. Mtafiti mmoja amesema mnyama huyu anavumilia kiasi fulani cha shaba, mwingine amesema havumilii, na wote wameandika jina moja. Huenda wote walisema kweli, kila mtu juu ya mnyama wake.

Tena mwaka 2013 Donald Weston na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya Hyalella wa mitoni California wanastahimili viuatilifu vya aina ya pairethroidi kwa kiwango kikubwa mno kuliko wale wanaofugwa maabara. Sababu ni mabadiliko kwenye mlango wa sodiamu wa seli za neva, na mabadiliko hayo yametokea zaidi ya mara moja kwenye koo tofauti. Hapo COI haisaidii. Jeni tunayoisoma kwenye msimbopau siyo iliyobadilika. Unaweza kuwa na wawili wenye herufi 658 zilezile, mmoja anakufa na mwingine anaendelea kula.

Kwa hiyo jina lilidanganya, na namba nayo haikusema yote. Nikabaki katikati.

Konokono wawili

Mfano ulionisaidia kupumua ni wa Unguja.

Kichocho cha mkojo kinahitaji konokono wa jenasi ya Bulinus. Unguja wapo wawili wanaofanana sana, Bulinus globosus na Bulinus nasutus. Ukiwaweka mezani magamba yao, umbo la mmoja linaingiliana na la mwingine, na hata aliyezoea anaweza kubishana na nafsi yake. Russell Stothard, David Rollinson na wenzao wa Zanzibar walianza kuwatenganisha kwa vimeng'enya na mbinu za DNA katika miaka ya 1990, baadaye COI ikaingia. Ikaonekana kwamba kisiwani humo globosus ndiye anayebeba vimelea, na nasutus habebi. Na hawakai mahali pamoja: mmoja yuko zaidi upande wa kaskazini, mwingine kusini, jambo lililoeleza kwa nini kichocho kilikuwa kinaumiza watoto wa upande mmoja na kuwapita wa upande mwingine.

Naomba tusilikuze zaidi ya Unguja. Sehemu nyingine za Afrika Mashariki nasutus ana habari yake tofauti.

Kilichonigusa ni mpangilio wa kazi ile. Walikuwa na majina, ila hayakufaa kitu mpaka walipoweza kusema huyu ni yupi. Walikuwa na herufi, nazo zisingefaa mpaka mtu achukue konokono hai, amweke kwenye maji yenye vimelea, angoje aone kama atatoa sekaria, vimelea wachanga wanaomwingia mtu. Herufi ziliwatenga. Majaribio ndiyo yaliyosema kutengana huko kuna maana gani kwa mtoto anayeoga mtoni.

Sijui kwa nini sikuliona hivi mapema. Nilikuwa napambanisha jina na namba, na wakati huo mnyama mwenyewe nimemsahau.

"Niletee dume"

Nikamchukua tunutu wangu nikampeleka kwa mwalimu wangu wa zamani, mtu ambaye amekaa na Ephemeroptera maisha yake yote ya kazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Nikamwambia. Nikataja na asilimia 100, labda kwa kujigamba kidogo. Hakujali. Alimweka chini ya hadubini yake, akaomba ruhusa kumtoa midomo, akaipanga vipande kwenye kioo, akaitazama kwa muda mrefu akiguna. Kisha akataja jenasi mbili ambazo huenda ikawa mojawapo.

"Zaidi ya hapo siwezi kukudanganya. Niletee dume."

Alimaanisha dume aliyekomaa, mwenye mabawa. Maelezo mengi ya kale ya spishi za Baetidae yameandikwa kwa madume wakubwa: viungo vya uzazi, mishipa ya mabawa, na macho. Dume wa familia hii ana macho ya ziada juu ya kichwa, yameinuka kama vilemba viwili, na ukimwona mara moja humsahau. Tunutu na mkubwa wake mara nyingi walielezwa na watu tofauti, kwenye miaka tofauti, na hakuna aliyewahi kuwaunganisha. Kuna tunutu wasio na mzazi na wakubwa wasio na mtoto kwenye vitabu.

Hapa ndipo msimbopau una thamani ambayo sidhani tunaisema vya kutosha. Herufi hazibadiliki na umri. Tunutu wa chini ya jiwe, mdudu wa mabawa wa jioni, yai, hata ngozi iliyovuliwa, wote wana mfuatano mmoja. Ukimpata mkubwa mwenye jina na herufi zake zikaoana na za tunutu asiye na jina, mambo yamekwisha.

Tukaenda kumtafuta. Shuka nyeupe, taa, ukingo wa mto, giza linapoingia. Wadudu hawa wakishapata mabawa hawali tena, midomo yao haifanyi kazi, na wanaishi saa chache au siku chache. Tena wana hatua ya ajabu: wanatoka majini wakiwa na mabawa mazito ya kijivu, kisha wanajivua ngozi mara moja zaidi, mabawa kwa mabawa, ndipo wanakuwa wakubwa kamili. Hakuna wadudu wengine walio hai wanaojivua ngozi baada ya kupata mabawa ya kurukia.

Walikuja wengi. Tukachagua, tukawapeleka maabara, tukasoma miguu yao. Mmoja akaoana na tunutu wangu herufi kwa herufi.

Jike.

Nilimpigia mwalimu. Akacheka mpaka akakohoa. "Si nilikwambia dume?"

Mahali COI inapokwama

Kabla sijasifu zaidi, lazima niseme wazi. Hii ni jeni moja, ya mitokondria, na mitokondria ina njia zake.

Viluwiluwi wa mbu ni wakazi wa maji baridi kama wengine, na mtu angedhani kundi lililochunguzwa kuliko yote lingekuwa rahisi. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis wanafanana kwa macho, na wana tabia tofauti: arabiensis ana mazoea zaidi ya kuuma nje na kuuma ng'ombe. Kwa anayepambana na malaria, hilo ni jambo kubwa. COI haiwatenganishi kwa uhakika, kwa sababu koo hizi mbili zimechanganya damu siku za nyuma na mitokondria zimevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana maabara nyingi hutumia kipimo cha Scott, Brogdon na Collins cha mwaka 1993, ambacho kinasoma sehemu ya DNA ya ribosomu iliyo kwenye kiini. Hapa mtu akiniletea orodha ya mbu iliyotokana na COI peke yake, naifunga.

Kombe wa maji baridi wa oda ya Unionida nao wana mambo. Sote tulifundishwa mitokondria hutoka kwa mama. Kwa wengi wa kombe hawa, jike hurithi za mama tu, lakini dume hubeba na za baba, zilizojificha kwenye viungo vya uzazi. Aina hizo mbili ziliachana zamani kiasi kwamba tofauti yake ni kubwa kuliko ile ya spishi na spishi. Ukikata kipande cha mguu wa kombe unapata jibu moja. Ukikata kwenye korodani za kombe huyo huyo unaweza kupata jibu lingine kabisa, na kanzidata ikakwambia umegundua kitu kipya. Mnyama mmoja, sampuli mbili, spishi mbili za uongo.

Na kamba wa maji baridi wenye magando wana nakala za COI zilizohamia kwenye kiini na kufa huko. Praima haijali, inakuza hai na mfu. Hojun Song na wenzake waliandika mwaka 2008, wakitumia kamba hao na panzi, kwamba nakala hizo zinaweza kukufanya uhesabu spishi nyingi kuliko zilizopo. Dawa yake ya kwanza ni kutafsiri mfuatano kuwa protini: ukikuta katikati kodoni ya kusimamisha, yaani herufi tatu zinazokatisha utengenezaji wa protini, hiyo jeni haifanyi kazi, itupe. Lakini nakala zilizohama juzijuzi bado zinaonekana nzima, hizo zinapita.

Haya yote hayaonekani kwenye safu ya asilimia 100.

Kusaga

Sasa nije kwenye jambo linaloleta ubishi kila kikao.

Mguu mmojammoja ni kazi ya polepole. Sampuli moja ya wavu inaweza kuwa na wanyama mamia. Njia ya haraka ni kuwaweka wote kwenye mashine, kuwasaga mpaka wawe uji, kutoa DNA ya wote kwa pamoja na kusoma mifuatano maelfu kwa mara moja. Ni nafuu kwa kila mnyama, ni haraka, na watu wenye mito mingi ya kufuatilia wanaitaka. Nawaelewa.

Kinachonisumbua si huruma. Wamekwisha kufa kwenye ethanoli. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya hapo hakuna wa kumrudia.

Hesabu nayo inapotea. Vasco Elbrecht na Florian Leese walifanya jaribio walilochapisha mwaka 2015: walichukua aina 52 za wanyama wa maji baridi, kila aina kwa kiasi kinacholingana, wakasoma mchanganyiko. Idadi ya mifuatano haikulingana hata kidogo, na baadhi ya wanyama hawakuonekana kabisa. Praima inampenda huyu na kumkataa yule. Kwa hiyo ukiambiwa Chironomidae wana mifuatano elfu kumi na kombe ana mitatu, usidhani umehesabu wanyama. Unachoweza kusema kwa ujasiri kidogo ni nani yupo. Asiyeonekana, usiseme hayupo.

Kisha kuna maktaba yenyewe ya kulinganishia. Tathmini ya Ulaya ya mwaka 2019 ilikuta kuwa karibu theluthi mbili tu ya spishi za wanyama wasio na uti wa mgongo wanaotumika kufuatilia mito zilikuwa na msimbopau. Hiyo ni Ulaya, ambako watu wamekuwa wakiokota na kuandika tangu karne ya 18. Mitoni kwa wengine, uji wa mashine unatoa orodha ndefu ya namba tupu, na safari hii bila chupa ya kwenda kutazama. Tunutu wangu angalau ana miguu mitano. Wa kwenye uji hana kitu.

Kuna njia ya katikati ambayo inanivutia. Mwaka 2012 Mehrdad Hajibabaei na wenzake walionyesha kwamba ethanoli yenyewe, ile iliyohifadhi sampuli, ina DNA ya kutosha ya wanyama waliomo. Unachuja kimiminika, unakisoma, na wanyama wanabaki wazima. Wenye gamba gumu hawaachii sana, na sisi tuna mazoea ya kumwaga ethanoli ya siku ya kwanza na kuweka mpya, kwa sababu maji ya miilini huizimua. Tulikuwa tunamwaga kile ambacho tungekisoma. Sasa inahifadhiwa, kila chupa na chupa yake ya pili. Kabati limejaa na mtunza stoo hanisemeshi vizuri.

Msimamo wangu kwa leo: mito ambayo maktaba yake imejengwa, sageni. Mito ambayo safu ya spishi bado ni tupu, kusaga ni haraka mno.

Pointi 4, pointi 12

Jambo la mwisho limetokana na ripoti, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika haya.

Wanaopima afya ya mto kwa wadudu wanaifahamu mbinu ya SASS ya Afrika Kusini, ambayo toleo lake la 5 lilichapishwa na Dickens na Graham mwaka 2002. Kila familia ina pointi kulingana na inavyostahimili uchafuzi. Mtu anasimama ukingoni na trei, anaangalia, anajaza fomu. Haihitaji maabara, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Kwa Baetidae kuna kipengele cha pekee. Ukiona aina moja, pointi 4. Aina mbili, pointi 6. Zaidi ya mbili, pointi 12. Aina kwa macho, pale pale mtoni, wakiwa hai na wanakimbizana kwenye trei.

Mwenzetu mmoja akapendekeza tuache macho tutumie BIN. Ina mantiki, nikakubali kwanza. Tukachukua trei ambayo mtu wa fomu aliona aina moja na kusoma miguu. Zikatoka BIN tatu. Pointi zikaruka kutoka 4 hadi 12.

Maji ni yaleyale. Bomba lile lile, povu lile lile, siku ile ile.

Kipimo kile kilitengenezwa na watu waliotazama mito mingi kwa macho na kuona kwamba aina zinazoonekana zikizidi mbili, mto huwa mzuri. Uzito wa 12 umefungwa na kuona huko. Ukiingiza macho makali zaidi bila kurekebisha kipimo, mito yote inapanda daraja kwenye karatasi, na mwenye bomba atakuwa wa kwanza kupiga makofi. Kurekebisha kipimo kunataka mito misafi na michafu isomwe upya kwa pamoja, kwa macho na kwa herufi, na kila BIN ijulikane inavumilia nini. Tunarudi kwa konokono wa Unguja: kuwatenga peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo kwenye ripoti tumeweka safu mbili. Ya kwanza ina pointi, za macho tu. Ya pili ina orodha ya BIN, kila moja na namba ya chupa yenye mwili, na hiyo haijumlishwi popote. Mhariri ameuliza kwa nini safu hazilingani. Nimemwandikia maelezo ya kurasa mbili. Amejibu kwamba anataka aya moja, kabla ya Ijumaa.